Kukata mkeka kwa katana: mwongozo kwa anayeanza

Mbona upanga unakwama katikati ya mkeka? Mbona mkeka unaruka mzima badala ya kukatika? Je, ninunue upanga mzito zaidi? Wanaoanza tameshigiri, yaani kukata kwa majaribio mkeka ulioviringishwa na kusimamishwa, kwa katana, upanga wa Kijapani, huniuliza maswali haya matatu tena na tena, hata nikaona heri niyajibu kwa maandishi. Karibu kila mara anayeuliza ni mtu mwenye mabavu na ari, ambaye ameuchapa mkeka kama anayepasua kuni, kisha akamwona mwenzake mwembamba akipitisha upanga na kipande kikadondoka kimya.

Maswali yote matatu yana mzizi mmoja. Upanga unakata pale makali yanapotangulia na mgongo ukafuata katika mstari uleule. Mstari huo Wajapani wanauita hasuji. Ukiwa sawa, nguvu ndogo inatosha. Ukiwa umeinama, nguvu unayoongeza inakwenda kuupinda upanga.

Ukiwa umekulia shambani, kuna jambo moja la kuacha mlangoni: mkono wa panga. Panga la shambani huchapwa kwa mkono mmoja, kwa kiwiko na kifundo, na ukikosea pembe kidogo mgomba unakusamehe. Katana hushikwa kwa mikono miwili na kitovu chake cha uzito kiko karibu na mpini, kwa kawaida sentimita 10 hadi 15 mbele ya tsuba, kile kikingio cha mkono. Haijaundwa kuchapa, na mazoea ya panga ndiyo yanayochukua muda mrefu kuliko yote kuyaondoa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mwalimu aliyesimama pale pale. Kwa mkato wako wa kwanza, maandishi haya hayawezi kushika nafasi yake.
- Miezi kadhaa ya kupunga bokuto, upanga wa mbao, hadi mikono ikome kutangatanga.
- Upanga halisi wa chuma cha kaboni, uliotengenezwa kwa kukatia. Mwingi una urefu wa sentimita 70 hivi kutoka tsuba hadi ncha, na uzito wa kilo 1 hadi 1.3. Usikatie iaito, ule wa mazoezi wa aloi ya zinki na aluminiamu, na usikatie kamwe upanga wa pambo la ukutani. Mingi ya mapambo hayo ina mkia mwembamba uliochomelewa ndani ya mpini, na huo ndio unaokatika chuma kikaruka.
- Mikeka ya igusa, ile inayofunika sakafu za tatami za nyumba za Kijapani. Neno mkeka lisikupeleke kwenye ukindu. Igusa ni unyasi wa mviringo wenye uboho laini ndani, na uboho huo ndio unaonyonya maji. Mikeka ya plastiki haifai.
- Stendi nzito ya mbao yenye kigingi cha wima.
- Pipa la maji, kamba, vitambaa vikavu na mafuta ya upanga.
- Nafasi. Mbele yako na kando zako asiwepo mtu, na watazamaji wawe nyuma, mbali.

Uliza pia sheria ya mahali ulipo. Huko Japani upanga halisi lazima uwe na cheti cha usajili.

Fizikia kidogo isiyoepukika

Upanga ni kabari. Makali ni membamba sana, kwa hiyo kani ndogo inageuka kanieneo kubwa na nyuzi za igusa zinakatika. Baada ya hapo unene wa chuma unapaswa kupita kwenye ufa huo, ukisukuma pande zote mbili. Chukua upanga wenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 7 mgongoni. Ukienda sawa, kila upande unasukumwa milimita 3.5. Uinamishe nyuzi 5 tu nje ya njia yake: mgongo unahama milimita 2.6, na sasa upande mmoja unasukumwa milimita 6 hivi na mwingine chini ya 1. Uinamishe nyuzi 10, mgongo unahama milimita 5.2, maana yake unene wote uko upande mmoja. Kabari ya namna hiyo inageuka usukani. Inaupeleka upanga mahali ambapo hukukusudia, na chuma kinapinda.

Jambo la pili ni kasi. Nishati mwendo inaongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa hesabu ya karibu, kilo 1.1 ikienda mita 10 kwa sekunde ina jouli 55. Nunua upanga wa kilo 1.5 uupunge kwa kasi ileile, unapata jouli 75. Baki na upanga wako mwepesi uufikishe mita 14 kwa sekunde, unapata jouli 108. Hilo ndilo jibu la anayetaka upanga mzito: mara nyingi huo mzito utaupunga polepole zaidi, na hasuji itakutoroka mapema zaidi.

La tatu ni mvuto. Bonyeza nyanya iliyoiva kwa kisu bila kukivuta, inapondeka. Kivute kidogo, inakatika. Makali yanapoteleza huku yakishuka, kabari ileile inakuwa nyembamba zaidi kwa kile kinachokatwa, kama barabara ya mlimani inavyopunguza ukali wa mlima kwa kuupanda kwa kuzunguka. Mpindo wa katana unasaidia hilo. Upanga unazunguka kutoka mabegani, na makali yaliyopinda yanateleza yenyewe. Huna haja ya kuvuta kwa makusudi kama unayetumia msumeno.

Hatua kwa hatua

1. Kagua upanga, kila siku, kila baada ya mikato michache. Mekugi ni kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye mpini na kwenye shina la chuma lililomo ndani. Kijiti hicho ndicho kinachouzuia upanga usichomoke ukaruka. Kisukume kwa kidole gumba: kisicheze. Shika mpini, gonga ngumi yako kidogo, sikiliza. Ukisikia kitu kinalia ndani au tsuba inacheza, upanga huo haukati leo. Hapa sina simile.

2. Andaa mkeka. Kama umetoka kwenye nyumba ya mtu, toa utepe wa kitambaa wa pembeni na upapase mkeka mzima kutafuta pini na mchanga. Pini moja inatosha kung'oa kipande cha makali. Uviringishe kwa kubana, ufunge kamba sehemu tatu au nne, kisha uuzamishe majini kwa siku moja hadi mbili. Anayeanza atumie nusu mkeka. Mzima una kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, na hiyo ni kazi ya baadaye. Kabla ya kukata, usimamishe saa kadhaa maji ya ziada yachuruzike. Mkeka mkavu unadunda na nyuzi zake zinayakimbia makali. Uliolowa una tungamo ya kutosha kubaki pale pale makali yanapopita.

3. Jua sehemu ya upanga inayokata. Inaitwa monouchi, nayo ni theluthi ya mwisho kuelekea ncha, ukiacha ncha yenyewe. Fimbo iliyo sawa kote, ikizunguka kwenye ncha yake moja, ina mahali fulani kwenye theluthi mbili za urefu ambapo ikigonga kitu, mkono ulioshika hausikii kishindo. Upanga si fimbo iliyo sawa kote, lakini kanuni ni hiyohiyo. Jaribu kwa bokuto: ining'inize kwa vidole viwili penye mshiko, mwenzako aigonge taratibu kwa kijiti kuanzia juu kwenda chini. Kuna mahali ambapo vidole vyako vitatulia. Ukikata kwa sehemu iliyo karibu na tsuba, kasi ni ndogo. Ukikata kwa ncha tupu, upanga unatetemeka na mkeka haukatiki wote.

4. Shika kwa vidole vya mwisho. Mkono wa kulia uko karibu na tsuba, wa kushoto mwishoni mwa mpini, na nafasi kati yake. Kidole kidogo na cha pete vinashika, vingine vinasindikiza. Mkono wa kushoto unaleta nguvu, wa kulia unaonyesha njia. Mikono miwili iliyoachana ni wenzo: wa kushoto ukivuta huku wa kulia ukisukuma, ncha inakimbia mbali kwa mwendo mdogo wa mikono. Mkono wa kulia ukishika kwa nguvu zote, kifundo kinajipinda na makali yanapinda nacho. Hili ndilo kosa linaloharibu mikato mingi kuliko yote niliyoyaona, na aliyelifanya huwa halisikii kabisa. Kubana kunakuja wakati makali yanagusa, kidogo tu, kama unavyokamua kitambaa chenye maji.

5. Kata hewa, na usikilize. Hapa kaa sana. Usikimbilie mkeka.

Upanga wenye mfereji ubavuni unapiga mluzi ukipita hewani, na Wajapani wanauita mluzi huo tachikaze. Hasuji ikiwa sawa, mluzi ni mfupi na mkali. Makali yakiinama, sauti inakuwa butu au inapotea. Ila wengi wanafurahia sauti bila kuuliza inatokea wapi. Punga mbele ya alama iliyo ukutani mbali na wewe, kisha sikiliza: mluzi uwe pale ambapo mkeka ungekuwa. Ukisikika chini karibu na magoti, kasi yako inafika ikiwa imechelewa, na mkeka ungekutana na upanga uliokuwa bado unajikusanya. Upanga usio na mfereji hauna msaada huu, kwa hiyo mtu asimame nyuma yako mbali na atazame: akiona bapa la upanga linamulika wakati wa kushuka, makali hayako kwenye njia.

Hesabu ninayowapa wanafunzi ni mikato 50 ya hewani yenye sauti nzuri mfululizo, kulia na kushoto, kabla ya mkeka wa kwanza. Nikiwaruhusu mapema, najuta.

6. Pima umbali. Nyosha mikono, weka monouchi taratibu kwenye mkeka, kisha weka alama sakafuni penye kidole gumba cha mguu wa mbele. Wanaoanza husogea karibu mno kwa sababu ya hofu, mkeka unakutana na sehemu ya chini ya upanga, mikono inakunjamana, basi. Alama ya sakafuni inakutunza.

7. Mkato wa kwanza uwe wa mshazari. Unaitwa kesagiri, jina lililotokana na kesa, joho la mtawa wa Kibudha linalopita begani kwa mshazari. Lenga nyuzi 45, kutoka bega lako la kulia kushuka kushoto, sentimita 15 chini ya kilele cha mkeka. Mguu wa kulia uwe mbele na wa kushoto nyuma. Shika kanuni hii hata ukisahau mengine yote: mguu ulio upande ambao upanga unamalizia uwe nyuma. Upanga unaopita kushoto ukikuta goti la kushoto limetangulia, hausimami.

Kwa nini mshazari, wakati ukipima utaona njia yake ndani ya mkeka ni ndefu kuliko ya mlalo kwa karibu mara 1.4? Kwa sababu sehemu ya kani inaushindilia mkeka chini kwenye stendi, na stendi inaushikilia. Mkato wa mlalo hauna kinachoushikilia mkeka isipokuwa tungamo yake yenyewe, ndiyo maana mkeka unaruka. Mlalo uje mwisho, baada ya mshazari wa kushuka na wa kupanda kukubali pande zote mbili.

Inua upanga, vuta pumzi, anza kwa ulaini. Ncha itangulie na mikono ifuate. Mabega yakipanda, teremsha upanga uanze upya. Hakuna anayekuhesabia.

8. Pita, kisha simamisha. Lengo lako liwe hewa iliyo nyuma ya mkeka. Anayelenga mkeka anafunga breki ndani yake. Hata hivyo upanga usiachwe uende unakotaka: mkono wa kushoto unausimamisha ukishavuka, kabla ya stendi na kabla ya sakafu. Kigingi kikikatwa ni hasara ya mbao. Makali yakigonga zege, ni hasara ya upanga.

Baada ya mkato usikimbilie mkato wa pili. Kila mkato mpya uwe chini ya uliotangulia.

9. Okota kipande ukisome. Uso wa mkato ni ushahidi kamili kuliko kumbukumbu yako. Uweke kwenye ubao: uso ulionyooka, unaokaa bila kuyumba, unasema hasuji ilikuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Uliochimbika kama upawa unasema upanga uligeuka ndani. Tazama pia ugeuko ulianzia wapi. Ukianza pale makali yalipoingia, kosa lilikuwa tayari kwenye kupunga. Ukianza katikati, mkono uliogopa ulipogusa. Panga vipande vyako kwa mfuatano, uandike tarehe kwa chaki. Baada ya mikeka mitano utajua kosa lako ni lipi, nalo huwa moja, lilelile.

10. Futa, kagua, ndipo urudishe alani. Unyevu wa igusa unaleta kutu haraka. Futa kutoka mgongoni, kitambaa kikiwa kimekunjwa, ukielekea ncha na usirudi nyuma. Angalia kwa jicho kutoka tsuba hadi ncha kama upanga umepinda. Uliopinda usiurudishe alani. Kurudisha kufanyike polepole ukiwa na akili zote, kwa sababu hapo ndipo mtu aliyefurahia mkato mzuri anapojikata kidole gumba.

Mwisho wa siku paka mafuta kiasi cha ukungu tu. Mafuta ya jadi ya upanga wa Kijapani yanaitwa choji, na choji ni karafuu. Mtu wa Pemba akifungua kichupa hicho hahitaji kuambiwa. Hata aina mojawapo ya mawimbi meupe yanayoonekana kando ya makali imepewa jina hilohilo, kwa kuwa inafanana na vikonyo vya karafuu vilivyojipanga. Nilipolijua hilo nilikuwa tayari nimeupaka upanga wangu miaka miwili bila kuitambua harufu ya nyumbani.

Mambo yakikataa

*Upanga umekwama katikati.* Usiutikise wala kuusokota. Shika mkeka kwa mkono mwingine mbali na makali, au mwite mwenzako, uutoe kwa njia uliyoingilia. Kisha tazama uso wa mkato. Ukiwa umenyooka, ulikosa kasi au ulifunga breki. Ukiwa umepinda, rudi hatua ya 5.

*Mkeka umeruka au stendi imeanguka.* Mara nyingi upanga umefika ukiwa bapa, umepiga badala ya kukata. Kama uso unaonekana mzuri na bado unaruka, mkeka umekaa vibaya kwenye kigingi, au ni mkavu.

*Nyuzi zimening'inia upande wa kutokea.* Kasi ilikufa mwishoni, au monouchi ilikuwa imekwisha kupita na ncha ikamalizia. Sogea kidogo mbele, nusu wayo, ujaribu tena.

*Kulia kunakata, kushoto hakukati.* Mkono wa kulia unatawala. Kwa wiki mbili punga bokuto kwa mkono wa kushoto peke yake, taratibu.

*Viganja vinauma, mpini unatetemeka.* Unagonga mbali na monouchi. Paka chaki kwenye makali ya bokuto, gusa mkeka mkavu taratibu, uone alama inaangukia wapi.

*Jana ilikubali, leo imekataa.* Kabla ya kujilaumu, linganisha mikeka. Uliolowa siku moja na uliolowa siku tatu si kitu kimoja, na mkeka mpya si sawa na uliokaliwa miaka.

*Upanga umepinda.* Acha kukata. Upanga wa jadi hupakwa udongo kabla ya kuzamishwa majini, mwembamba kwenye makali na mzito mgongoni, ili makali yapoe haraka yawe magumu na mgongo upoe taratibu ubaki laini. Ulaini huo ndio unaouokoa usivunjike, na ndio unaoufanya ukishapinda ubaki umepinda. Usiunyooshe gotini. Wangu ulipinda mwezi wa tatu wa kukata, kwa mkato wa mlalo ambao sikuwa nimeruhusiwa, kwenda kulia kwa unene wa kidole. Nikaunyoosha mwenyewe usiku, nikaongeza mpindo wa pili kuelekea upande mwingine, na fundi niliyempelekea alilazimika kuondoa mipindo yote miwili. Mpeleke kwa fundi ukiwa na mpindo mmoja, na umpelekee pia kipande cha mkeka ulichokuwa unakata.